Maji ya Mzazi

Sichana binti Simai hakuwa mtu wa kudai mambo. Mumewe alipokufa, ndugu wa mume walikuja wakachukua minazi, naye akawapikia chai. Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo asingeliachia hata ungemkalisha juu ya makaa: mtoto wa kwanza wa binti yake azaliwe nyumbani kwake, Mwambani, na binti akae arubaini yote mikononi mwa mama yake. Ndivyo alivyokaa yeye kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake. Mimba ya pili na ya tatu, mume na afanye apendavyo, hata akitaka mkewe ajifungulie juu ya mnazi. Ya kwanza ni ya kwao mwanamke, na hapana mtu wa pwani ile ambaye alikuwa haijui haki hiyo.

Tatizo lilikuwa maji.

Mwambani iko upande wa mashariki, chini kidogo ya Jambiani, na imekaa juu ya mawe matupu. Ukichimba kidogo unagonga mwamba, ukiuvunja mwamba unakuta chumvi. Maji ya kunywa yalikuwa pangoni, mbali, huko msituni, na wanawake walishuka humo kwa kushikana mikono wakachota kwa kata, taratibu, wakati bahari imejaa. Bahari ikitoka, maji ya pango nayo yalishuka, na aliyechelewa alirudi na debe tupu na mdomo mrefu. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote, na watu walikuwa hawalalamiki sana, kwa kuwa hawakuwa na wa kumlalamikia.

Mwanaasha, mtoto wa pekee wa Sichana, aliolewa Mtoni na kijana mmoja mpole aitwaye Ame. Watu walisema binti ana bahati, na hawakuwa wakimsifu bwana harusi. Walikuwa wakisifu maji. Upande ule wa Mtoni maji hutoka ardhini yenyewe bila kubembelezwa, na mama mkwe wake, Bi Mwamvua, alikuwa na mfereji uani kwake, unafungua na kufunga. Mwanaasha alipokuja kusalimia mara ya kwanza baada ya harusi, alifika na vumbi la njia, akachukua debe la maji ya pango akaosha miguu. Akayamwaga karibu nusu debe huku anazungumza na kucheka. Wanawake waliokuwapo wakatazamana. Sichana aliona, na usiku ule moyo wake ulimuuma, maana alifahamu kwamba mtoto ameshakuwa wa kule.

Basi mashine ya maji ilipokuja Mwambani, hapana aliyefurahi kumshinda Sichana. Ilikuwa miaka ya mwanzo baada ya Mapinduzi, na ahadi zilikuwa nyingi. Nyingine zilitimia, nyingine mpaka leo ziko njiani. Hii ilitimia. Walikuja mabwana kutoka mjini, wakashusha mashine, wakaifunga mdomoni mwa pango, wakalaza bomba mpaka kijijini, wakajenga tangi na kutia mfereji. Wakamwacha fundi mmoja wa kuiendesha, jina lake Shaame, mtu mwembamba, mstaarabu, asiyeweza kumkatalia mtu kitu. Siku mfereji ulipofunguliwa wanawake walipiga vigelegele mpaka wakakauka koo, kisha wakanywa, wakapiga tena.

Sichana hakungoja. Alimtuma mtu Mtoni siku ile ile: "Mwambieni Bi Mwamvua mimba ikipevuka aniletee mwanangu. Mwambieni maji ninayo."

Sasa, mtu aliyekulia penye mfereji, akichota ndoo yake huondoka, kwa kuwa anajua kesho utakuwapo. Watu wa Mwambani hawakujua kesho ya namna hiyo. Wao waliona kitu kimekuja ghafla, na kinachokuja ghafla kinaweza kuondoka ghafla, kwa hiyo kila mmoja aliazimia kuweka akiba kabla mabwana wa mjini hawajabadilisha mawazo. Mawe wanayo, chokaa wanaichoma wenyewe. Haukupita muda kila nyumba ikawa inajenga birika uani, na watu wakaanza kushindana: birika la fulani linamfika kiunoni, la fulani linamfika kifuani. Ungewaona ungecheka. Walikuwa wakifanya yale yale ambayo ungeyafanya wewe ungekuwa na kiu ya baba na babu.

La Sichana ndilo lilikuwa kubwa kuliko yote, kwa sababu ya mzazi. Mwanamke tangu ajifungue mpaka arubaini yake ipite haitwi kwa jina pwani ile, anaitwa mzazi, na mzazi anakula maji. Anakandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, ananyweshwa uji wa pilipili manga, mtoto anaogeshwa, nguo zinafuliwa. Wanawake wenzake walimbebea mawe na chokaa, wakiongozwa na Time, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye maneno mengi na mgongo wa punda.

"Shoga, hili si birika," Time alisema, akipangusa jasho. "Hii ni bahari ndogo. Utatuzamishia wajukuu."

"Wewe beba tu. Mjukuu akija utakuja kuomba maji hapa kwangu."

"N'takuja na kata mbili!"

Ilipokaribia Siku Kuu kila mtu alitaka birika lake lijae kabla ya wageni kufika. Walimwendea Shaame, huyu na pweza, huyu na mkate wa mofa, wakimwomba aongeze kidogo. Shaame akaongeza. Mashine ikaunguruma kutwa, bahari ikijaa, bahari ikitoka, hapana aliyekumbuka tena kutazama bahari. Ile adabu ya pango, ya kuchota kidogo na kungoja, waliiacha pangoni pamoja na kata zao. Walidhani maji yako ndani ya mashine.

Birika la Sichana lilijazwa la mwisho, maana lilikuwa kubwa na chokaa yake ilichelewa kukauka. Alisimama akitazama maji yanavyopanda ukutani, na ndani ya nyumba Mwanaasha alikuwa ameketi na tumbo lake, keshaletwa, miguu ameinyosha mkekani. Sichana akachota kata moja akampelekea binti yake awe wa kwanza kuyaonja.

Mwanaasha alikunywa funda moja, akakunja uso.

"Mama, umetia chumvi?"

Hakutia chumvi mtu. Shaame alikuja, akaonja, akatema, akaenda pangoni, akaonja tena. Akarudi. Akawaeleza kwa sauti ya chini kwamba maji matamu ya nchi kama ile hulala juu ya maji ya bahari, utando tu, ndani ya mawe. Ukichota kidogo, utando hujirudisha. Ukivuta sana, bahari huja juu.

"Yetu tumeshayamaliza," alisema. "Sasa tunavuta ya bahari."

"Yatarudi lini?" Sichana aliuliza.

"Labda mvua zikinyesha sana. Labda yakipumzika. Sijui, bibi. Wallahi sijui."

Alizima mashine, akaenda mjini kuuliza, akarudi na jibu kwamba wasubiri. Huko mjini nako hakukuwa na mtu mbaya. Walikuwa watu waliokuwa hawajui kama yeye. Wanawake walirudi pangoni na kata zao. Pango nalo lilikuwa chumvi tupu. Wakabaki kwenda kijiji cha pili, kwenye kisima cha watu, kuomba. Wenyewe walikuwa nayo kidogo, wakawapa debe moja kwa kila nyumba, na hata hilo walilitoa kwa uso wa kulazimika.

Mwanaasha alijifungua katika hali hiyo. Mtoto wa kiume, mweusi wa kupendeza, na sauti ya kuita watu sala. Sichana alimpokea, akamkumbatia, na kwa muda akasahau kila kitu.

Kisha akakumbuka. Debe moja kwa nyumba: uji, chai, kunywa, kumwogesha mtoto. Kukanda alikanda kwa maji ya birika, akijisemea kwamba chumvi si sumu. Lakini mtoto alitoka vipele shingoni na mapajani. Uji wa maji yale Mwanaasha hakuweza kuumeza. Kila akinywa kiu ilizidi, na akinywa yale matamu alinywa kwa kuiba, nusu kikombe, kwa sababu alijua mama yake ameyabeba kichwani kutoka wapi. Mwenyewe Sichana aliapa kutoyagusa. Alikunywa madafu alipoyapata, na asipoyapata alikaa hivyo hivyo.

Mkunga, Bi Mwanapili, alimbonyeza mzazi kifua, akatikisa kichwa.

"Huyu anakauka, Sichana. Mzazi asiyekunywa hana maziwa. Mtoto huyu analia njaa, halii kitu kingine."

"Nitafanya nini, Bi Mwanapili?"

"Hilo mimi silijui. Mimi najua kuzalisha."

Siku ya saba, siku ya kumnyoa mtoto nywele, lori liliingia Mwambani. Mbele alikaa Bi Mwamvua na buibui lake, nyuma alisimama Ame akiwa ameshikilia mapipa yasigongane. Habari za chumvi zilikuwa zimeshafika Mtoni, na Bi Mwamvua hakuwa mwanamke wa kukaa akasikitika. Aliazima lori kwa jamaa yake, akakaa kwenye mfereji wake tangu alfajiri, akajaza mapipa matatu.

"Bi Sichana," alisema baada ya kumshika mjukuu na kumsomea dua, "mimi sikuja kukuvunjia haki yako. Ya kwanza ni yako. Nimeleta haya ili uitimize. Funika vizuri, tumia kwa uangalifu, yatakufikisha mbali."

Sichana alisogea, akafunua pipa la kwanza. Aliyatazama maji yanavyocheza ndani ya pipa, safi, yanaonyesha mpaka chini, akajiona mtu aliyepewa mtoto wake mara ya pili. Mwanaasha alipewa kikombe, akanywa, akapewa cha pili, akanywa. Kila mtu uani alikuwa akimtazama koo lake.

Na kila mtu uani maana yake kijiji kizima, kwa sababu lori halikuingia kwa siri.

Aliyekuja mwanzo ni Time. Hakuwa na maneno siku ile, na hilo peke yake lilimtisha Sichana. Alikuwa amembeba mwanawe mdogo mgongoni, kichwa kimelala begani, midomo imepasuka.

"Anaharisha tangu juzi," alisema. "Kila nkimpa maji yale anatapika. Sikuja kuomba, shoga. Najua haya ya nani. Nimekuja tu..."

Ungefanyaje wewe? Sichana alichukua debe la Time kutoka mkononi mwake, kwa kuwa huyo aliyesema hakuja kuomba alikuja na debe, akalijaza.

Nyuma ya Time alikuwapo Mwanakheri, na baba yake mzee amelala kitandani hajameza kitu. Nyuma ya Mwanakheri alikuwapo mwanamke mwenye mimba. Nyuma yake wengine, kila mmoja na chombo chake na jambo lake, na hapana aliyesema uongo, hilo ndilo lililokuwa baya. Lau mmoja wao angedanganya, Sichana angepata mahali pa kuanzia hasira. Hawa ndio waliombebea mawe. Hawa ndio waliomkanda yeye mwenyewe alipomzaa Mwanaasha, na maji waliyomkandia waliyatoa pangoni kwa kata moja moja. Alichota, akatoa. Alichota, akatoa.

Bi Mwamvua alimsogelea, akamwambia pole pole asisikike, "Bi Sichana, maji haya ya mzazi."

"Najua."

"Watayamaliza."

"Najua, Bi Mwamvua."

"Sasa mbona unawapa?"

Sichana akamtazama. Alikuwa hana namna ya kumweleza mwanamke mwenye mfereji uani kwake.

"Unifundishe maneno ya kuwaambia," alisema. "Nifundishe, nami nitawaambia."

Bi Mwamvua akawatazama wale wanawake waliosimama na madebe yao. Kisha akaenda kukaa kizingitini, akawa anatazama mchanga.

Ilipoadhiniwa alasiri pipa la tatu lilikuwa linagongwa chini kwa kata. Dereva alikuwa amekwisha kukaa mahali pake. Lori si lake, lilitakiwa mjini. Ame alisimama karibu na gurudumu, kijana wa watu, akijaribu kuahidi kwamba ataleta mengine, lakini hakujua lori lingine atalipata wapi, na kila alipoanza ahadi iliishia katikati.

Hapo ndipo Mwanaasha alipotoka ndani. Alikuwa amevaa buibui, mtoto amemfunga kwenye kanga.

"Mama," alisema. "Nnakwenda."

Sichana alikuwa bado ameshika kata. "Nani kakuambia uende?"

"Hapana aliyenambia."

"Arubaini bado, mwanangu. Hata nusu hujafika."

"Najua, mama. Lakini kifuani hamna kitu. Tangu jana nnamnyonyesha, analia, nnalia na mimi." Akaanza kulia pale pale, bila sauti, machozi yakimdondokea mtoto. "Usinikasirikie."

Sichana alitafuta wa kumkasirikia. Alimtafuta kwa kweli, akizungusha macho uani. Bi Mwamvua alikuwa amefanya wema. Time alikuwa na mtoto mgonjwa. Shaame, maskini, alikuwa amekaa nyumbani kwake, haendi hata msikitini kwa aibu, na kosa lake lilikuwa kutokataa. Mashine ilikuwa imefanya ilichoambiwa. Bahari ilikuwa pale ilipokuwa siku zote. Hapana mtu. Lau angekuwapo mmoja, angemrukia, na pengine angepona.

"Twende sote, Bi Sichana," alisema Bi Mwamvua. "Nyumba ni yako."

Ilikuwa kauli ya wema, na wote wawili walijua kwamba haiwezekani. Mama hamfuati binti ukweni akakaa huko akilishwa na kunyweshwa, baada ya kutangaza pwani nzima kwamba maji anayo. Sichana akatikisa kichwa.

Akamchukua mjukuu, akamshika. Mtoto hakuwa ameogeshwa siku ile. Maji yalikuja, yakaenda, na katika msukosuko wote hapana aliyekumbuka. Kichwa kilikuwa kimenyolewa nusu tu. Alinusa utosi wake. Kisha akamrudisha kwa mama yake. Ame alimsaidia mkewe kupanda. Mapipa matupu yaligongana njia nzima, yakasikika mpaka lori lilipopita minazi ya mwisho, na baada ya hapo yakasikika bado.

Sichana aliingia ndani, akakaa kwenye mkeka wa mzazi.

Hakukaa sana. Alisikia hodi. Alikuwa Mwanakheri, na debe kichwani. Akalitua uani pole pole lisimwagike.

"Tumesikia mzazi kachukuliwa," alisema. "Baba nimemtia kidogo midomoni. Haya mengine sikuyagusa. Nilisema niyaweke mpaka kesho. Chukua, Sichana, mwite arudi."

Nyuma yake wakaja wengine. Yule mwenye mimba na mtungi wake. Mwingine na ndoo, mwingine na sufuria iliyofunikwa kwa kawa. Hawakuwa wameyanywa, au walikuwa wamekunywa funda moja tu. Walikuwa wameyaweka uvunguni, wamekaa wakiyatazama, kama walivyozoea kufanya kila walipopata kitu kizuri. Kila mmoja alidhani yeye peke yake ndiye anayerudisha. Walipokutana uani wakatazama vyombo vyao, na mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba haya yanakaribia pipa zima, na kwamba mtu akikimbia labda lori atalikuta njiani. Hapana aliyekimbia. Lori lilikuwa limeshakwenda zamani.

Time alikuja wa mwisho, mikono mitupu.

"Yangu amekunywa," alisema, na hakuweza kumtazama mwenzake. "Amekunywa, hakutapika. Kalala."

"Alhamdulillahi," alisema Sichana, na alilisema kwa moyo wake.

Kisha akakaa chini katikati ya vile vyombo. Alichota kata moja katika debe la Mwanakheri, akanywa. Tangu mtoto azaliwe hakuwa ameonja maji matamu. Akachota ya pili. Alikunywa na kulia pamoja, bila kufuta uso, na wanawake walisimama wakimtazama, na hapana hata mmoja aliyethubutu kumwambia basi.